Rauta dirishani, aksesi pointi kwa watu: kupanga waifai ya nyumba kubwa Kigoma

Wakuu, nyumba nyingi za huku kwetu intaneti inaingia kwa rauta ya laini, na rauta ya laini ina tabia moja, inataka kukaa pale mnara unapoonekana, sio pale watu wanapokaa. Mji wenyewe ni vilima na mabonde, upo Mwanga juu kabisa unapata 4G safi dirisha la upande mmoja, ukihamia chumba cha pili inashuka mpaka unajiuliza kama bado uko nyumba ileile. Kwahiyo rauta inaishia dirisha la stoo au juu ya kabati la chumbani kwa mzee, waifai yake inaanzia hukohuko pembeni, ikifika sebuleni imeshapita kuta tatu za tofali za kuchoma na uani kwa vijana haifiki kabisa. Waliovutiwa faiba nao hawajapona, fundi anatoboa ukuta ulio karibu na nguzo, anafunga kiboksi hapohapo mlangoni, anaaga.

Wengi wakifika hapo wanakimbilia ekstenda ya kuchomeka kwenye soketi. Sikatazi, ila ekstenda ya kawaida inasikiliza rauta na kuongea na simu yako kwa redio moja, kila kitu inakisema mara mbili, spidi inakatika karibu nusu, na kama umeiweka mahali ambapo waifai ilikuwa tayari mbovu basi inasambaza ubovu huohuo kwa nguvu zaidi. Simu inaonyesha mistari yote minne na video inazunguka tu.

Dawa ni kutenganisha kazi. Rauta ibaki dirishani kwake inakotaka, aksesi pointi (tuziite AP) ziende walipo watu, na katikati yao upite waya. Kabla hujanunua chochote lakini, chomeka laptopu kwa waya kwenye rauta upime spidi. Kama laini yenyewe inakupa Mbps 8 saa mbili usiku, AP kumi hazitaigeuza kuwa 80, hapo tatizo ni laini au mahali rauta ilipo, sogeza rauta dirisha jingine kwanza.

Nani mkuu wa nyumba

Boksi tunaloita rauta limebeba kazi nyingi ndani yake: linaongea na mnara au faiba, linagawa intaneti moja kwa vifaa vingi, linagawa anwani za IP (hii ndio DHCP), lina swichi ya matundu ya LAN (mtandao wa ndani ya nyumba) nyuma, halafu lina redio ya waifai. AP halisi ina kazi moja tu, kuchukua kinachokuja kwenye waya na kukirusha hewani. Karibu kesi zote za "nimeongeza AP na mtandao umekufa" chanzo chake ni boksi la pili kujifanya nalo rauta. Ni sawa na mtaa mmoja kuwa na wenyeviti wawili, kila mmoja anagawa viwanja, wewe umepewa kiwanja na huyu jirani kapewa hichohicho na yule.

Kwahiyo kanuni ya kwanza: DHCP moja nyumba nzima, ya rauta kuu. Nyingine zote zima.

Kanuni ya pili, panga namba kabla ya kugusa kifaa chochote. Chukua daftari, sio kichwani. Tuseme rauta kuu ni 192.168.1.1. Ingia kwenye setingi zake, DHCP iwekee igawe kuanzia 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.200, chini ya hapo pabaki pa vifaa vyako vya kudumu. AP ya sebuleni iwe .2, ya uani .3, ya dukani .4, kamera na printa anzia .20. Kila AP ibandikie karatasi nyuma yenye jina lake na namba yake. Hili watu wanaliona la kizushi mpaka siku AP ya uani imegoma na unahitaji kuingia ndani yake, hujui namba yake ni ipi, unaanza kubahatisha moja moja.

Uangalie pia namba ambazo vifaa vinatoka nazo dukani, maana zinagongana. TP-Link nyingi na Tenda nyingi zinakuja na 192.168.0.1, kwahiyo ukiwa na rauta ya hii na boksi la ile zitagombana hata kabla hujaanza. Rauta za laini za Huawei nyingi ni 192.168.8.1, MikroTik ni 192.168.88.1, AP za TP-Link za dari zile EAP ikikosa DHCP inarudi 192.168.0.254, na UniFi (AP za Ubiquiti) inarudi 192.168.1.20. Kwa hiyo usichomeke kitu kipya moja kwa moja kwenye mtandao wa nyumba, kiseti kwanza kikiwa peke yake na laptopu.

Rauta ya zamani kuwa AP

Una rauta ya zamani kwenye droo? Usiitupe, inafaa kuwa AP. Ishike kitufe cha riseti mpaka taa zicheze, unganisha laptopu kwa waya kwenye tundu la LAN, fungua brauza uingie. Ukikuta palipoandikwa kwamba inaweza kuwa AP, chagua hapo, yenyewe itazima DHCP na kila kitu na waya utachomeka hata kwenye tundu la WAN (lile la kuingizia intaneti). Ila ikishakuwa hivyo mara nyingi inaomba IP kutoka kwa rauta kuu, namba yake itabadilika badilika, basi nenda rauta kuu uitengee namba moja ya kudumu kwa kutumia MAC yake (namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe).

Isipokuwa na chaguo hilo unafanya kwa mkono, na hapa mpangilio una maana. Anza na jina la waifai na pasiwedi, kisha zima DHCP, mwisho kabisa badilisha IP ya LAN iwe 192.168.1.2, maana ukishabadilisha hiyo ukurasa unakufa hapohapo na laptopu haijui tena iende wapi. Ni kawaida, usishtuke. Sasa vuta waya kutoka LAN ya rauta kuu mpaka LAN ya boksi hili, tundu la WAN liache wazi, ukiweza lizibe na selotepu kabisa, maana kuna siku mtu wa nyumbani atafagia, waya utachomoka na ataurudisha kwenye tundu lenye rangi tofauti kwa sababu linaonekana la muhimu.

Ukichomeka WAN kwa makosa na DHCP ya boksi hilo hukuizima, intaneti bado itaonekana, ndio maana watu hawagundui. Kinachotokea ni kwamba watu wa uani wanakuwa kwenye mtandao wao wa pembeni, printa ya sebuleni hawaioni, kutupia video kwenye tivii haiwezekani, michezo ya simu ya kucheza pamoja inalalamika.

Waya ndio kila kitu

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo pesa zinapopotea.

Nunua Cat5e au Cat6 ya shaba tupu. Madukani kumejaa waya wa alumini uliopakwa shaba juu, kwenye maboksi unaandikwa CCA kama wana adabu, wasipokuwa nayo hawaandiki. Mtihani wake rahisi, kwangua uzi mmoja kwa wembe, shaba ni nyekundu mpaka ndani, alumini inatokea nyeupe. CCA inakatika ukiikunja mara mbili tatu, na ukiipitishia umeme wa PoE (umeme unaopita kwenye waya huohuo wa mtandao) mbali inapata joto na AP inazimika zimika bila sababu ya kueleweka. Mwisho wa waya ni mita 100 toka kifaa mpaka kifaa, kiwanja cha kawaida hufiki huko.

Vichwa bana kwa mpangilio mmoja pande zote: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Ukishamaliza angalia laptopu inakwambia imeunga kwa spidi gani. Ikisema 1000 uko salama, ikisema 100 wakati vifaa vyote viwili ni vya giga basi kuna jozi haijashika, sababu 100 inatumia jozi mbili tu na 1000 inazitaka zote nne, rudia kichwa. Kwa wenye rauta ya laini yenye tundu la 100 usihangaike, hiyo ndio mwisho wake na 4G ya huku kuzidi hapo ni nadra.

Sasa ule waya wa kutoka nyumba kubwa kwenda uani au dukani mbele. Huku mvua za kuanzia Novemba mpaka Aprili zinakuja na radi za kweli, na waya wa shaba unaopita hewani kati ya majengo ni mwaliko. Radi si lazima ipige nyumba yako, ikipiga karibu tu inatosha kuingiza umeme kwenye waya mrefu na kuua tundu la rauta, swichi, AP, wakati mwingine na tivii iliyochomekwa hapo. Kwa umbali mfupi chimbia ndani ya bomba la PVC na tumia waya wa nje wenye ganda jeusi, wa ndani ule wa kijivu jua linaupasua. Epuka waya wenye foili uliofungwa ardhini pande zote mbili kama majengo yana mita tofauti za LUKU na ethi tofauti, umeme utatafuta njia kupitia foili hiyo, waya wa kawaida usio na foili una nafuu maana matundu ya Ethaneti yenyewe yana transfoma ndogo za kutenganisha.

Lakini mimi kwa jengo lingine napendelea faiba. Midia konvata mbili (viboksi vya kugeuza waya kuwa faiba na faiba kuwa waya) na faiba iliyokwishafungwa vichwa, kioo hakipitishi umeme, habari imeisha. Angalia tu ile faiba ya kuning'iniza ina uzi wa chuma pembeni wa kubebea, huo unaukata mbali na kifaa, usiuingize ndani. Njia nyingine ni kurusha hewani kwa CPE mbili (redio za nje za kurushiana mtandao) zinazotazamana, zile kama CPE510 au NanoStation, kwa mtu ambaye nyumba yake ya pili iko ng'ambo ya korongo, na kwa vilima vya Kigoma hiyo hali ni ya kawaida sana. Sharti zionane, mwembe ukiwa katikati leo unaona sawa, ukishapata majani mapya na mvua juu yake utaanza kulaumu kifaa.

Wapi pa kufunga

AP inakaa chini ya dari, katikati ya watu, sio juu ya dari. Juu ya gypsum chini ya bati mchana ni tanuri, AP nyingi za ndani zimeandikiwa mwisho nyuzi 40, na bati lenyewe linarudisha mawimbi. Usiifunge nyuma ya friji, wala karibu na kioo kikubwa, wala ukutani ambapo nyuma yake kuna simtanki, maji yanakunywa mawimbi. Kwa nyumba za zamani za Ujiji zenye kuta nene usitegemee AP moja ivuke kuta mbili kwenye 5 GHz, weka kwenye korido ili iingie vyumbani kupitia milango.

Na redio ya rauta kuu ile ya dirishani? Kama pale kuna mtu analala au anafanya kazi, iache iwe AP mojawapo kwa masharti yaleyale ya wengine. Kama iko stoo, izime. Redio inayorusha kwenye mahali ambapo hakuna mtu inachafua hewa tu, halafu simu za watu zinaing'ang'ania. Rauta ndogo za laini zina kikomo cha vifaa kwenye waifai yake, ukihamishia watu kwenye AP mara nyingi hilo nalo linapungua.

Jina moja, chaneli tofauti, nguvu ndogo

Swali la kila siku, jina la waifai liwe moja au kila AP na lake? Moja. Jina moja, pasiwedi moja, na aina ya ulinzi iwe moja pia, hili la mwisho ndio linasahaulika. AP ya sebuleni ikiwa WPA2 na ya uani WPA3 pekee, simu nyingine zitagoma kuhama. Weka zote WPA2 ya AES, au zote mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kama zote zinakubali. Ukikuta kifaa bado kiko kwenye TKIP, ulinzi wa zamani, toa haraka, TKIP inakurudisha kwenye spidi za Mbps 54 za enzi zile. WPS (ile ya kuunga bila kuandika pasiwedi) nayo zima. Majina tofauti yana faida moja, wakati wa kupima, ipe kila AP jina lake siku ya kwanza, zunguka nyumba uone kila moja inafika wapi, ukiridhika ndio uyaunganishe.

Chaneli ndio kinyume, kila AP yake. Kwenye 2.4 GHz chaneli zisizogusana ni tatu tu, 1, 6 na 11, upana uwe 20 MHz. Kuna watu wanaweka 3 au 8 wakidhani wamepata sehemu wazi, umepata sehemu ya kugombana na majirani wa pande mbili kwa wakati mmoja. AP ya sebuleni 1, uani 6, duka 11, kwisha. Kwenye 5 GHz nafasi ni nyingi, tumia 36 mpaka 48 na 149 mpaka 161, upana 40 unatosha kwa nyumba, 80 inakula chaneli nne kwa mpigo. Kwanza chagua nchi Tanzania kwenye setingi, kifaa chenyewe kitakuonyesha kinachoruhusiwa. Chaneli za 52 mpaka 144 ni za kushirikiana na rada, AP inalazimika kusikiliza dakika nzima kabla ya kurusha, na ikihisi rada inahama ghafla, mtu akiwa kwenye simu ya video anakatika. Kwa wa Katubuka karibu na uwanja wa ndege mimi ningeziacha.

Nguvu ya kurusha. Hapa kila mtu anaweka mwisho, na hapa ndipo kila mtu anakosea. Simu yako inarusha kwa nguvu ndogo kuliko AP, kwahiyo AP ikipaza sauti simu inaisikia toka mbali, ila AP haiisikii simu ikijibu. Mistari imejaa, kitu hakifunguki. Pia uamuzi wa kuhama toka AP moja kwenda nyingine unafanywa na simu, sio na AP, na simu haitafuti nyingine mpaka ile ya kwanza iwe imeshachoka. iPhone kwa mfano inaanza kutafuta ikishuka chini ya -70 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi, namba ikikaribia sifuri ndio nguvu zaidi). Sasa kama AP ya sebuleni inasikika kwa -62 mpaka uani, simu ya shemeji aliyetoka sebuleni akaenda kukaa uani chini ya AP ya pili itaendelea kung'ang'ania ya kwanza. Shusha 2.4 iwe ya chini, 5 GHz iwe ya kati, lengo ni kwamba ukifika katikati ya AP mbili zote zisikike kama -67 hadi -70. Kwenye Android kuna programu za bure za kupima kama WiFi Analyzer, kwenye iPhone weka AirPort Utility uwashe kipimo chake kwenye setingi.

Kuna setingi ya kumfukuza anayesikika hafifu, AP inamtoa akishuka chini ya kiwango fulani. Itumie mwishoni kabisa baada ya kushusha nguvu, na usianzie juu, weka -80 kwanza, la sivyo mama aliyekaa barazani pembeni kidogo ya mawimbi atakuwa anatolewa na kuingia, anatolewa na kuingia, na kesi itakuja kwako. Vile vya 802.11k na v washa kama vipo, vinaisaidia simu kujua AP za jirani. 802.11r inafanya kuhama kuwe haraka ila vifaa vya zamani, hasa printa, vingine vinashindwa kabisa kuunga, washa halafu zunguka upime kila kifaa.

Wageni na wapangaji

Nyumba za huku hazikosi wageni, na uani kuna wapangaji, na mbele kuna duka ambalo wateja wanaomba pasiwedi wakisubiri kupimiwa mawese. Hao wasiwe kwenye mtandao mmoja na kamera zako. Tatizo ni kwamba mtandao wa wageni wa rauta nyingi unafanya kazi kwenye redio yake yenyewe tu, ukishakuwa kwenye AP ya mbali jina la "Wageni" linabaki jina, ndani wote wako sehemu moja. Pima: unga simu kwenye wageni, fungua brauza andika 192.168.1.1, ukurasa wa rauta ukifunguka huna ulinzi wowote.

AP za dari kama EAP na UniFi zina chaguo la wageni ambalo linazuia mgeni kufikia anwani za ndani hata zikiwa zinajitegemea, kwa nyumba ya kawaida hilo linatosha. Unayetaka utengano wa kweli ni VLAN (kuugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa isiyoonana juu ya waya uleule), mfano 10 ya nyumbani na 20 ya wageni, kila jina la waifai linafungwa kwenye VLAN yake, na tundu la swichi linaloenda kwenye AP linapitisha zote mbili zikiwa na alama. Hiyo inataka swichi inayosetika na rauta inayoelewa VLAN, na maboksi ya laini mengi hayaelewi, kwahiyo unaweka karauta kadogo ka MikroTik au mfano wake katikati, kenyewe ndio kawe mkuu, boksi la laini libaki la kuleta intaneti tu. Hapo NAT (ile kazi ya kugawa intaneti moja kwa vifaa vingi) zitakuwa mbili, na kwa matumizi ya kawaida hutaona tofauti.

Kumzuia mtu kwa MAC sahau, Android kuanzia 10 na iPhone kuanzia iOS 14 zinatumia MAC ya kubuni, akifuta mtandao na kuunga upya anaweza kuja na nyingine. Badilisha pasiwedi ya wageni kila mwezi, na wawekee kikomo cha spidi kwa kila kifaa, maana bando ni lako.

Umeme

Chukua swichi ya PoE, iweke jirani na rauta, AP zote zipate umeme kupitia waya wa mtandao. Faida yake kubwa sio usafi wa ukuta, ni kwamba ukiweka betri sehemu moja nyumba nzima ina waifai TANESCO wakikata. Piga hesabu: AP tatu za wati 10 hivi na rauta wati 10, jumla 40, betri ya asidi ya 12V 40Ah ina wati-saa 480, ukitumia nusu tu ili isife mapema ni 240, hapo ni saa sita kasoro zile zinazoliwa na inveta. Hakikisha swichi na AP ni 802.3af au at, ile ya kwanza tundu linatoa mpaka wati 15.4, ya pili 30. Kuna PoE nyingine isiyouliza, ya 24V, vifaa vya zamani vya Ubiquiti vingi viko hivyo, hiyo inasukuma umeme bila kujua kuna nini upande wa pili, adapta yake usiikaribishe kwenye laptopu.

Ikigoma

Anza kwa kuangalia IP kwenye simu. Nyumba yako ni 192.168.1 na simu imepata 192.168.0, kuna boksi lina DHCP imewashwa, mara nyingi ni karauta mtoto kakaleta toka chuo. Imepata 169.254, hakuna aliyemjibu, angalia waya wa AP hiyo. Imepata IP sahihi ila haifunguki kitu, pingi 192.168.1.1 (itumie ujumbe wa kupima uone kama inajibu), ikijibu tatizo liko nje kwa mtoa huduma, isipojibu liko ndani. Nyumba nzima imekufa ghafla na taa za swichi zinapepesa zote kwa pamoja kama wazimu, kuna waya umechomekwa pande zote mbili kwenye swichi ileile, chomoa mmoja mmoja mpaka zitulie. Meshi (AP zinazoungana zenyewe kwa hewa) nazo zinafanya hivyo wakati mwingine, ukiziunga kwa waya na hewa kwa pamoja kabla hazijajitambua.

AP mbili au tatu unaweza kuzisimamia moja moja kwa ukurasa wake, daftari lako linatosha. Zikizidi hapo, au ukichoka kubadilisha pasiwedi sehemu nne, tumia kontrola, yaani programu moja ya kusimamia AP zote. Omada ya TP-Link na UniFi zina programu ya bure ya kuweka kwenye kompyuta, MikroTik ina CAPsMAN ndani yake, ila hazichanganyiki, Omada haitaisimamia UniFi, kwahiyo amua kampuni kabla hujanunua ya tatu. Kompyuta ya kontrola si lazima iwake muda wote, AP zinaendelea na setingi zake, isipokuwa kama unatumia vocha au ukurasa wa kuingilia wageni. Ujue pia EAP ikishachukuliwa na kontrola ukurasa wake wa pekee unafungwa, kompyuta ikifa na huna bekapu utazipiga riseti zote, kwahiyo toa bekapu uiweke kwenye flashi.

Apdeti za famuwea (programu ya ndani ya kifaa) fanya kwa zamu, AP ya watu wachache kwanza, isubiri siku mbili tatu, kisha nyingine, rauta kuu mwisho. Na kabla ya kubonyeza hakikisha betri imejaa, umeme ukikatika katikati ya apdeti AP inaweza isiamke.